Ukurasa wa chakula bila wageni: tuliyojifunza mimi na mulamu wangu



Mulamu wangu, mke wa kaka yangu, alikuwa na restora ndogo kando ya barabara kubwa pale Kirumba. Magari ya kutoka Goma kwenda Butembo yalisimama, watu wakashuka na njaa, naye akawapa fufu, sombe, maharagi na samaki wa Vitshumbi. Hakuhitaji kutangaza kitu. Moshi wa makala na harufu ya vitunguu vilitosha. Vita vilipofika Kanyabayonga na Kirumba mwishoni mwa mwezi wa 6 mwaka 2024, alikimbia kama wengi wetu, na watoto wanne, sufuria mbili na simu. Barabara ile iliyomletea wateja miaka yote bila yeye kuwaita ikabaki nyuma.

Hapa Butembo alianza tena katika nyumba ya kupanga, ndani kabisa ya kiwanja, mahali ambapo mpita njia hawezi hata kujua kwamba kuna mtu anapika. Alipika na kuuza kwa simu. Mpwa wetu mmoja anayesoma mambo ya kompyuta akamtengenezea ukurasa wake kwenye intaneti: jina la kupendeza, picha kubwa ya sufuria inayotoa mvuke, rangi ya njano na ya kijani. Tulifurahi sana. Tukatuma anwani kwa jamaa wote. Juma la kwanza ukurasa ulifunguliwa mara nyingi, lakini wafunguaji walikuwa ni sisi wenyewe. Mwezi uliofuata mpwa akatuonyesha hesabu: wageni 9 kwa mwezi mzima. Mulamu akanitazama, akasema: "Mwalimu, hata njia ya kwenda shambani hupitiwa na watu zaidi ya hao."

Mimi si fundi wa kompyuta. Nilisoma ISP ili nifundishe Kifaransa, na chombo changu ni chaki. Lakini mwalimu anajua jambo moja: mwanafunzi akikosa, usimkemee kwanza, muulize alikuwa anafikiri nini. Basi nilikwenda kuwauliza watu wanaotafuta chakula.

Wakati wa mapumziko, katika chumba cha walimu, niligawa vikaratasi. Niliwaambia: "Kesho una wageni 15 nyumbani, na hakuna wa kupika. Una simu na mega kidogo. Andika hapa maneno utakayoandika kwenye Google." Tulikuwa watu saba. Wawili waliandika "traiteur Butembo". Mmoja "restaurant Butembo livraison". Mmoja "prix gâteau anniversaire Butembo". Mwingine, mwenye asili ya kule ziwani, aliandika "poisson Vitshumbi Butembo". Mzee wetu wa hesabu aliandika kwa Kiswahili, "chakula ya fete Butembo". Na wa saba aliandika tu: "nampigia shangazi."

Tuliporudi nyumbani tulifungua ukurasa wa mulamu na vile vikaratasi mkononi. Neno Butembo halikuwamo hata mara moja. Neno traiteur halikuwamo. Bei haikuwamo. Orodha ya vyakula ilikuwamo, lakini ndani ya picha: mpwa alikuwa ameiandika kwa herufi za mapambo na kuiweka kama foto. Yaliyobaki yalikuwa ni sifa: "ladha isiyosahaulika", "mapishi ya upendo". Hakuna hata mmoja wa wale saba aliyeandika "mapishi ya upendo". Kosa letu lilikuwa lile la mwanafunzi anayetoa jibu zuri bila kusoma swali.

Ni vema kueleza hapa namna Google inavyofanya kazi, maana wengi wetu tunadhani kuna mtu huko Marekani anayechagua. Hakuna mtu. Kuna programu inayozunguka kwenye intaneti, inaingia ukurasa kwa ukurasa na kusoma maneno, kisha inayatunza katika daftari kubwa. Mtu akiuliza swali, Google inatazama katika daftari lile. Kwa biashara za mahali fulani inapima hasa mambo matatu: kama ukurasa wako unahusu kile alichouliza, kama uko karibu na mahali anapotafuta, na kama unajulikana, yaani kama watu wengine na kurasa nyingine wanakutaja. Sasa picha ya orodha ya vyakula, hata ikiwa nzuri namna gani, kwa programu ile ni kama ubao uliofunikwa kwa kitambaa. Usitegemee kwamba itaisoma.

Tulianza na kazi ya kalamu, isiyolipiwa hata franka moja. Tuliandika juu kabisa ya ukurasa, kwa maneno ya kawaida, kile anachopika na mahali alipo: chakula cha sikukuu na cha semina, Butembo. Tuliandika kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, maana watu wetu wanaongea Kiswahili na Kinande lakini kwenye simu wengi wanatafuta kwa Kifaransa. Kila chakula kikubwa kilipata sehemu yake: samaki, kuku, gato, fufu na sombe. Chini ya kila kimoja tuliweka bei kwa mtu mmoja, idadi ya chini ya sahani, na muda wa kutoa komande. Mulamu alikataa bei kwa juma zima. Aliogopa kwamba wapishi wengine wataziona. Nilimwambia: wapishi wengine wanazijua tayari, ni mteja tu asiyezijua. Mtu akikosa bei hapigi simu kuuliza, anafunga na kwenda kwa mwingine.

Halafu uzito. Zile foto za mpwa zilikuwa nzito sana. Mahali rezo ni dhaifu, ukurasa ulichukua muda mrefu kufunguka, na kila mgeni alikuwa analipa mega zake kutazama sufuria yetu. Kuna njia rahisi: jitumie foto kwenye WhatsApp, kwa njia ya kawaida, kisha itoe hapo na kuiweka kwenye ukurasa. WhatsApp inaipunguza uzito yenyewe. Foto nne ndogo zilizopigwa mchana karibu na dirisha zinafaa kuliko ishirini za usiku zenye mwanga wa taa.

Na foto iliyoleta maneno mengi kuliko zote haikuwa ya chakula. Ilikuwa ya ndoo ya kunawia mikono yenye robine, sabuni kando, na mulamu mwenye kitambaa kichwani. Toka Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, watu wa Beni na Butembo wakiingia mahali pa kula macho yao yanatafuta ndoo kwanza. Mteja wa intaneti hawezi kuingia jikoni, kwa hiyo jiko lazima limwendee.

Kisha ukurasa wenyewe tuliandikisha biashara kwenye Google, ili ionekane na kwenye ramani. Ni bure. Wanauliza jina, aina ya kazi, saa, namba ya simu, na wanaomba uthibitisho kwamba biashara ipo kweli, siku hizi mara nyingi kwa video fupi unayopiga mwenyewe. Kwa sisi tuliokimbia kuna jambo la kuangalia. Hulazimishwi kuonyesha nyumba yako. Unaweza kuficha anwani na kuonyesha tu eneo unalohudumia. Mulamu alifanya hivyo, na mteja asiyejulikana anakutana naye mahali pa wazi penye watu, au motari anapeleka. Mama anayeishi peke yake na watoto asiweke mlango wake kwenye ramani ya dunia kwa sababu ya sahani kumi za wali.

Pale pana nafasi ya wateja kuandika maoni yao. Tuliwaomba waliokula kweli waandike mstari mmoja. Wengine walitushauri tuwalipe vijana waandike sifa. Google inakataza jambo hilo, na hata kama isingekataza, watu wa Butembo wanajuana sana. Mama mmoja aliandika kwamba chakula kilikuwa kizuri lakini kilichelewa saa nzima. Mulamu alitaka tulifute. Tukajibu tu: ni kweli, mvua iliharibu barabara, samahani mama, mara ijayo tutatoka mapema. Mteja mwingine alituambia baadaye kwamba jibu lile ndilo lililomfanya apige simu.

Sasa kuhusu WhatsApp, maana najua wengi wenu mnauliza: tuna WhatsApp, ukurasa wa nini? Swali hilo ni la haki. Kwa mama anayeanza, WhatsApp Business inatosha kabisa. Ina katalogi ya vyakula na bei, na haiombi pesa. Lakini picha ya status inatoweka kisha saa 24, tena inaonekana na wale tu wenye namba yako, wewe nawe ukiwa na namba yao. Ujumbe wa kutuma kwa wengi kwa mara moja unafikia watu 256 kwa orodha moja, na asiyekuandika kwenye simu yake haupati. Kwa maneno mengine, WhatsApp inazungumza na anayekujua. Mtu asiyekujua anapita kwa Google au Facebook. Kwa hiyo tulifunga vitu hivi pamoja: ukurasa una kitufe kimoja kikubwa kinachofungua WhatsApp ya mulamu, na hakuna kingine cha kubonyeza. Mwanzoni kulikuwa na fomu ya kujaza jina, barua pepe na ujumbe. Nani kwetu anajaza fomu ili apate maharagi?

Mtu asiyekujua anayeleta kazi kubwa kuliko wote ni yule wa semina. Butembo na Beni kuna mashirika mengi ya msaada, na kila juma kuna mafunzo mahali fulani: watu 25, siku tatu, chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Anayepanga semina mara nyingi ametoka mbali, hana shangazi wa kumpigia. Anafungua simu. Akikupata, swali lake la kwanza si ladha, ni karatasi: "Mama, unaweza kutoa fakture proforma? Una patente?" Mulamu alipoteza kazi ya kwanza ya namna hiyo kwa sababu hakujua fakture proforma ni nini. Ni karatasi inayoonyesha bei kabla ya kazi, yenye jina, tarehe, idadi, bei ya kimoja na jumla. Nilimsaidia kuitengeneza jioni moja, baada ya kusahihisha madaftari. Kisha tukaandika kwenye ukurasa mstari huu: tunatoa proforma na fakture. Mstari huo mmoja umeleta kazi kuliko rangi zote za njano na kijani. Msiogope kwenda kuuliza patente. Ni gharama, ndiyo, lakini bila hiyo wengine hawawezi kukulipa hata wakikupenda.

Lazima niseme pia pale tulipoanguka. Kijana mmoja, sitamtaja, alimwambia mulamu kwamba kwa dola 10 atampa wafuasi 2.000 kwenye Facebook. Alilipa bila kunieleza. Wafuasi walifika kweli, kwa usiku mmoja, na majina ambayo hatukuweza kuyasoma, wote wa nchi za mbali sana. Hakuna hata mmoja anayeweza kula maharagi Butembo siku ya posho. Kibaya zaidi, Facebook huonyesha tangazo jipya kwa sehemu ya wafuasi kwanza, ikitazama kama wanalipenda. Wale wageni hawakugusa kitu. Matangazo yetu yakazidi kufichika. Tulilazimika kuanza ukurasa mwingine wa Facebook, na mulamu alilia kidogo kwa ajili ya zile dola 10. Ni unga mwingi.

Tangazo halali la kulipia lipo, na unaweza kuchagua mji na umri wa watu watakaoliona. Sisi tumelitumia mara moja tu, wakati wa matokeo ya mitihani ya serikali, siku zile watoto wanamwagiana poda barabarani na kila nyumba inataka gato. Kulipa kila juma bila sikukuu ni kutupa pesa, kwa maoni yangu. Harusi, mwisho wa mwaka wa masomo, Noeli na Bonane: hizo ndizo siku ambapo watu wanatafuta, na ukurasa wako uwe tayari wiki tatu kabla, maana mara nyingi Google haisomi mabadiliko siku ileile.

Mpwa alipendekeza pia tutegemee kampuni kubwa tu, zile zenye programu za komande. Nilimkumbusha yaliyotokea kwa jirani zetu. Jumia Food ilikuwa inapeleka chakula Uganda na Kenya na nchi nyingine. Mwezi wa 12 mwaka 2023 ilifungwa, na wapishi waliokuwa wanapata wateja kwa njia hiyo peke yake walilazimika kuanza kuwatafuta upya. Google yenyewe ilikuwa inatoa kurasa za bure kwa biashara ndogo, na mwezi wa 3 mwaka 2024 ilizifunga. Sisemi msizitumie. Nasema namba za wateja ziandikwe pia kwenye daftari, kwa kalamu. Mulamu ana daftari la mistari: jina, namba, alikula nini, siku gani, alilalamika nini. Siku simu ilipoibwa sokoni, daftari lile ndilo lililookoa biashara.

Na kwa kuwa namba yako sasa iko mbele ya dunia, wezi nao wataiona. Watatuma ujumbe unaofanana na ule wa M-Pesa au Airtel Money, eti pesa imeingia. Usitazame ujumbe, tazama salio lako mwenyewe, kisha ndipo utoe sufuria. Mwingine atasema ametuma nyingi kwa makosa, umrudishie zinazozidi. Jibu ni lilelile.

Njia ya kuleta wageni ambayo ilitushangaza ni ya zamani kabisa. Mulamu alinunua karatasi za kubandika, akaandika kwa mkono anwani ya ukurasa na namba, akazibandika kwenye kifuniko cha kila ndoo ya chakula inayotoka. Katika semina ya watu 25, watu 25 wanakaa karibu na ndoo ile siku tatu. Motari wetu naye ana moja kwenye tanki la moto yake. Mpwa, ambaye anajua kuhesabu wageni na siku walizoingia, alituonyesha kwamba idadi inapanda siku ile ya chakula na siku inayofuata. Alikuwa amehuzunika kidogo, nafikiri, kwamba kalamu ilishinda kompyuta.

Kisha miezi mitano hesabu ilikuwa hivi: wageni 130 kwa mwezi. Kati yao, 14 waliandika kwenye WhatsApp, na 8 walinunua. Nilipomwambia mwalimu mwenzangu alicheka, akasema 130 ni kidogo sana. Ni kidogo, kweli. Lakini wale 8 walilipa kodi ya nyumba na ada za watoto wawili, na wale wafuasi 2.000 hawakununua hata kikombe cha chai. Kila mwisho wa mwezi tunatazama mambo matatu tu: wangapi walifungua, wangapi waliandika, wangapi walikula. Wa kwanza wakiwa wengi na wa pili wachache, kuna kitu hakisomeki au bei haieleweki. Wa pili wakiwa wengi na wa tatu wachache, mulamu anachelewa kujibu. Mara nyingi ni hilo.

Kuna neno moja tulilosahau mwanzoni na tukaliongeza kwa bahati. Mulamu aliniomba niandike chini ya ukurasa, kwa ajili ya heshima tu, kwamba zamani alikuwa na restora Kirumba, kando ya barabara, na sasa yuko Butembo. Sikuona faida yake. Hakuna mtu katika chumba cha walimu aliyeandika Kirumba. Nikaandika kwa kumfurahisha.

Mwezi uliopita akapata ujumbe kutoka Kampala. Mwanaume mmoja aliyekuwa anapita na lori la viazi alikuwa ameandika kwenye Google "restaurant Kirumba", kwa kutamani tu, anasema, kuona kama kuna picha ya kwao. Ukurasa wa mulamu ukatokea. Mama yake mzee naye alikimbilia Butembo, hana wa kumpikia vizuri, na yeye alitaka apelekewe chakula kila siku ya Mungu. Alilipa mwezi mzima kupitia ndugu yake. Kabla ya kukata simu aliuliza kama ile pilipili ya kijani, iliyokuwa kwenye chupa ya soda pale kwenye meza ya pembeni, ingali inatengenezwa.